Kupaa Kulikonipita Mpakani

Harufu ya samaki wakavu ilimtangulia Kambo mlangoni. Kambo ndivyo tunavyomwita bibi kwetu Katanga, na huyu alikuwa mama wa baba yangu, aliyetoka Pweto juu ya lori la mizigo, siku nne za vumbi na mashimo, hadi nyumbani kwetu Hewa Bora, kwa jambo moja tu: kuniona mimi, mjukuu wake wa kwanza, nikipokea Komunyo ya kwanza siku ya Pentekoste. Nilikuwa na miaka tisa. Pamoja na gunia la samaki alileta kitambaa cheupe cha gauni langu, amekifunga ndani ya mifuko mitatu ya plastiki ili kisishike harufu, na kikaishika vilevile. Mama alikifua, akakianika, akakinusa, akakifua tena, akacheka mpaka akaketi chini. Mimi sikujali. Ningelivaa gauni lile hata kama lingenukia soko zima.

Wiki mbili kabla ya Pentekoste habari ilifika kwamba mdogo wake mama, aliyeolewa Ndola, upande wa Zambia, amejifungua kwa shida. Mama alinichukua, tukapitia Sakania, tukavuka mpaka. Alhamisi ilikuwa sikukuu ya Kupaa kwa Bwana, na mama hakuwa mtu wa kuchezea sikukuu ya amri, yaani siku ambayo Mkatoliki analazimika kwenda misa kama Jumapili. Alinisugua miguu kwa jiwe, akanivisha viatu, tukaenda kanisani asubuhi na mapema. Mlango umefungwa. Mwanamke aliyekuwa akifagia uwanja alituangalia kwa huruma, akatueleza kwamba huko kwao Kupaa huadhimishwa Jumapili. Baadaye nilielewa kwamba maaskofu wa kila nchi huamua sikukuu ipi ibaki siku yake na ipi isogezwe, lakini asubuhi ile nilijua tu kwamba viatu vinanibana bure. Jumamosi tukarudi nyumbani, kwa sababu Kambo alikuwa peke yake na baba. Jumapili tukaenda misa parokiani kwetu, na pale Kupaa kulikuwa kumekwisha tangu Alhamisi. Kulitupita pande zote mbili, na wala hatukukwepa chochote.

Katekista wetu, nitamwita Mwalimu Placide, alikuwa mwembamba, suruali imepigwa pasi hadi inakata, na sauti ya kuwatisha watoto wa watu. Kila mmoja wetu alikuwa na kadi yenye visanduku, na kila sikukuu alitia sahihi yake ndani ya kisanduku kimoja. Jumatatu aliishika kadi yangu juu, watoto wote waione. Nikamweleza habari za Ndola.

“Alhamisi haukukuwa hapa. Dimanche haukukuwa kule,” akasema, Jumapili akiiita kwa Kifaransa. “Yesu alipanda mbinguni bila weye.”

Darasa zima likaangua kicheko. Akachukua kalamu nyekundu, akalipiga jina langu mstari kwenye orodha ya watakaopokea Komunyo, taratibu, kwa rula. Kwa rula, jamani!

Jioni ile Kambo alijifunga kitenge chake kizuri, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwa Mwalimu Placide. Hakutukaribisha ndani. Kambo, mwanamke ambaye kule Pweto wavuvi walikuwa wakinyamaza akipita, alipiga magoti palepale kwenye changarawe.

“Mwalimu, naomba. Mimi niko muzee. Mwaka ingine sijue kama nitakuwa.”

“Mama, loi haiangaliake mvi,” akajibu, yaani sheria haiangalii mvi, akafunga mlango.

Nilimsaidia Kambo kuinuka. Changarawe ilikuwa imemganda kwenye magoti, naye aliipangusa polepole. Siku ya Pentekoste tuliketi benchi la nyuma, yeye na mimi, tukawatazama wenzangu wakipita mbele na mishumaa. Wiki iliyofuata alipanda lori akarudi Pweto. Mvua za kwanza zilipoanza kunyesha tuliletewa habari kwamba amefariki. Mwaka uliofuata nilipokea Komunyo yangu, gauni lilelile limeshaanza kunibana kwapani, na nilipofungua kinywa sikumfikiria Mungu hata kidogo. Nilimfikiria Mwalimu Placide, na nilimwombea mabaya.

Sikuacha. Nimekua, nimeolewa, nimezaa, na chuki ile nimeitunza vizuri kuliko vyombo vyangu vya harusi. Kisha, miaka mitatu iliyopita, parokia ilinichagua kuwa mhudumu wa kuwapelekea wagonjwa Komunyo, na padri kijana aliyetufundisha akagusia, kwa kupita tu, kwamba msafiri hufungwa na sikukuu za mahali alipo, si za nyumbani alikotoka. Nikanyoosha mkono. Nikamwuliza: mtoto wa hapa, Alhamisi ya Kupaa yuko Zambia, Jumapili amerudi, ana kosa gani? Padri akatabasamu, akasema, “Hana kosa lolote, mama.” Nilitoka nje nikasimama karibu na bomba la maji, nikalia kwa hasira mpaka wenzangu wakadhani nimefiwa. Kumbe hata hiyo loi yake hakuijua!

Nilipopewa orodha ya wagonjwa wangu, jina la tatu lilikuwa lake. Amepooza upande mmoja, analala chumba cha nyuma kwa mkwewe, ambaye anasali kanisa la uamsho na kalenda ya Kikatoliki haimhusu. Nilimpelekea Komunyo kila Jumapili na kila sikukuu ya amri, bila kukosa. Kila mara aliniuliza, “Weye ni mutoto wa nani?” na kila mara nilimtajia jina la baba yangu, na halikumwambia chochote.

Mwaka huu, Jumapili kabla ya Kupaa, alinishika mkono. “Utakuja Alhamisi? Ni Kupaa.” Akili yake ya tarehe ilikuwa bado nzima.

“Maaskofu baliisogeza, Mwalimu,” nikamjibu. “Sasa ni Dimanche, sawa na kule Zambia.”

Uongo mtupu. Alhamisi kengele ilipolia nilikuwa kanisani, naye amelala kule anangoja Jumapili, na niliimba kwa furaha ambayo sijawahi kuipata misani. Jumapili nikaenda. Mkwewe alikuwa amemnyoa na kumvisha shati jeupe. Nikaketi kwenye kiti kando ya kitanda, nikamwambia yote: Kupaa kulipita Alhamisi, nilikudanganya, mimi ni yule mtoto wa Ndola, na mwanamke aliyepiga magoti mlangoni kwako alikuwa Kambo yangu, na alikufa bila kuniona.

Nilingoja alie, au anitukane, vyovyote ningefurahi.

“Nilitoshaka bengi, mama,” akasema, yaani watoto aliowatoa orodhani ni wengi. “Weye ni wa mwaka gani?”

Nilimpa Komunyo, akaipokea akiwa amefumba macho, nikatoka. Mgonjwa kama yeye hata hafungwi na sikukuu ya amri, padri alitufundisha hilo pia, kwa hiyo Alhamisi ile yeye hakukosa kitu.

Siku hizi watoto wa Hewa Bora wanavuka mpaka kila wakati, na katekista wa sasa huwauliza tu walikuwa upande gani, basi, anatia sahihi. Nami orodha ya wagonjwa nimeikabidhi kwa mwenzangu. Padri anasema niungame ule uongo, nitubu, nirudi mezani. Ninamwelewa. Lakini kutubu ni mpaka ujute, na mimi kila nikijaribu naona magoti ya Kambo. Kwa hiyo Jumapili wengine wakipanga mstari wa Komunyo mimi naketi benchi la nyuma, na safari hii hakuna aliyenitoa.