Mshenga Hali Mahindi

Nakumbuka siku moja, mjukuu wangu, niliposhindana juu ya farasi mbele ya Wazungu wa mashamba ya kahawa ya Mbozi, nimevaa buti za mtu mwingine. Nilikuwa kijana, saisi wa Bwana mmoja Mwingereza, yaani mtunza farasi wake. Farasi mwenyewe alikuwa jike mweusi tuliyemwita Chausiku. Bwana alimpa jina la kwao, lakini akiitwa kwa jina hilo hakugeuza hata sikio. Mimi nikikohoa tu bandani, alinijibu. Nilimpenda yule mnyama, sikufichi.

Kila mwaka Wazungu wale walikuwa na mashindano yao ya mwisho wa juma. Usidhani walikuwa mabingwa. Walikuwa wakulima waliopenda kuanguka mbele ya majirani. Jumamosi asubuhi farasi alionyesha adabu zake: kutembea, kugeuka, kusimama akiambiwa. Mchana alikimbia porini akifuata bendera nyekundu, akiruka magogo na vijito. Jumapili, baada ya ibada, aliruka vizuizi vya miti uwanjani.

Mwaka ule Bwana aliteguka bega, akasema Chausiku nimpande mimi. Wazee wanasema mzoea punda hapandi farasi. Mimi hata punda sikuwahi kumpanda, nilianzia juu. Buti za Bwana zilinipwaya, nikazijaza maganda ya mahindi. Lakini moyo ulikuwa mzito. Kulikuwa na Mzungu mnene kutoka ng'ambo ya Tunduma, amekuja kumtazama Chausiku amnunue. Nikishinda, nampoteza. Nikishindwa, nimemwaibisha.

Asubuhi Chausiku alitembea kama bibi harusi anayeingia kanisani. Mnunuzi akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Mchana tukaingia porini. Tuliruka gogo la kwanza, tukaruka kijito, watu wakashangilia. Tukafika njia panda. Bendera ilikuwa kulia. Chausiku akakata kushoto.

Sasa nikueleze, mwanangu. Kushoto ndiko kulikokuwa kwa mzee Nzunda, na mzee Nzunda alikuwa na binti, Nelia. Nilipotumwa kumtembeza farasi jioni, ningeweza kupita popote, ila miezi mingi nilipita pale pale, polepole, shingo nimeinyoosha kama jogoo. Nelia alikuwa akimpa Chausiku kiazi kitamu, mimi akinipa salamu. Nani kati yetu alinufaika zaidi, sijui.

Nilivuta hatamu, nikabembeleza, nikamwita mama. Wapi! Alinipeleka mpaka uani kwa watu, akainamisha kichwa kwenye mkeka wa mahindi yaliyoanikwa, akaanza kula.

Mzee Nzunda akatoka ndani. Akamtazama farasi, akanitazama mimi, akazitazama buti.

"Shikamoo, baba," nikasema nikiwa juu.

"Marahaba. Kila jioni unapita hapa ukijifanya unatazama milima. Leo umefika."

"Si mimi, baba. Ni farasi."

"Na farasi njia hii kafundishwa na nani?"

Nikamwambia neno lingine, lile lililonikaa kifuani: "Baba, acha nikae hapa kidogo. Nikirudi na kufanya vizuri, watamuuza."

"Kwa hiyo umekuja kumficha kwenye mahindi yangu?" Akanisogelea, akashika hatamu. "Sikiliza, kijana. Umepewa kazi mbele ya watu. Nenda ukaimalize mbele ya watu. Watacheka. Kicheko hakivunji mguu. Farasi kuuzwa au kutouzwa ni neno la mwenyewe. Na wewe ukiwa na neno na nyumba hii, tuma mshenga. Mshenga hali mahindi."

Chausiku hakutaka kuondoka. Ikabidi Nelia atangulie na kiazi mkononi, akikimbia kati ya mibuni, na farasi wa mashindano akimfuata kama ndama. Watu waliokuwa kilimani waliona yote. Kicheko chao nilikisikia kabla sijaiona bendera.

Nilimaliza wa mwisho, lakini nilimaliza. Mzungu mnene alikuwa amekaa chini akifuta machozi. Akamwambia Bwana, kwa Kiswahili ili na sisi tusikie: "Mimi nataka farasi. Hii ni mkwe ya watu!" Jioni ile ile akarudi zake ng'ambo. Jumapili Chausiku aliruka vizuizi vyote bila kuangusha hata kimoja, na wa kumnunua hayupo.

Mshenga wangu alipokwenda, mzee Nzunda alisema mahindi kwanza. Nikapeleka kapu zima, kichwani mwangu, kwa miguu. Ndipo mazungumzo yakaanza. Huyo Nelia ndiye bibi yako, na bado anadai nilimpenda farasi zaidi.

Basi shika hili, mwanangu. Umleavyo ndivyo akuavyo, na nafsi yako nayo ni mnyama unayemlea. Njia unayoipita kila siku bila kufikiri ndiyo itakayokubeba siku ambayo watu wote wanakutazama. Izoeshe njia njema mapema. Na ukipotea, usijifiche uani kwa watu. Rudi umalize, hata wakicheka. Mimi bahati ilinishika mkono, lakini usiitegemee, haina desturi ya kupita mara mbili.

Mungu akupe miguu isiyochoka kurudi njiani, akupe wakwe wakali wenye huruma, na nyumba yako isikose kicheko. Amina.