Pilau la Watu wa Meli

Kosa lilikuwa langu. Nilimpigia mama simu kutoka Durban, ninakofanyia kazi, nikamwambia: "Mama, likizo hii nakuja kwa meli na wenzangu. Tunashuka asubuhi, tunatembea mji, saa kumi tunaondoka." Nilimaanisha watalii wenzangu watazungushwa Kariakoo, mimi nitachomoka nikakae naye, maana tulikuwa hatujaonana miaka sita. Lakini mama kazaliwa Kariakoo. Mtoto aje na wenzake, halafu awaache barabarani wapigwe na jua? Lahaula!

Basi lilitushusha sokoni saa nne. Muongozaji akaanza, "hivi ni viungo, hizi ni khanga", utadhani mimi sikuwahi kutumwa binzari hapohapo nikiwa na kamasi puani. Sikumngoja amalize. Nikakata vichochoro hadi nyumbani. Turubai limefungwa kutoka barazani kwetu hadi nyumba ya pili. Viti vya kukodi. Majirani na madira yao ya sikukuu. Masufuria matatu, yale ya shughuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wenzako wako wapi?"

Hata mkono hakunishika. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

"Wanakuja," nikasema. Mungu anisamehe.

Nikarudi sokoni mbio, jasho linanitiririka, nina hasira na mama, nina hasira na nafsi yangu, na kile kikofia cha kitalii kichwani. Muongozaji akakataa katakata: kuna ratiba, na wageni wamekatazwa kula chakula cha nje.

"Cha nje? Ni kwa mama yangu!"

"Dada, nielewe."

Nilibembeleza mpaka nikajichukia. Wakakubali wazee wawili tu, mke na mume, tena kwa sababu miguu ilikuwa inawauma. Wawili, kwa masufuria matatu!

Mama akawanawisha mwenyewe, akawapakulia minofu, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini wengine wako wapi. Majirani wanavitazama vile viti vitupu. Nikatoka tena, nikarudi mikono mitupu. Nikatoka mara ya tatu. Kutahamaki, saa tisa.

Mama hakunigombeza. Bora angenigombeza. Alijaza pilau kwenye ndoo mbili, kachumbari pembeni, akafunika. "Wapelekee. Wasije wakasema mama yako mchoyo." Nikamkumbatia harakaharaka, wale wazee wameshapanda bajaji na dereva anapiga honi.

Getini bandarini mlinzi akasema chakula hakiingii melini. Sikuwa na nguvu ya kubishana. Makuli walikuwa wamepumzika kwenye kivuli cha lori, nikawawekea ndoo katikati. "Karibuni, pilau la mama yangu." Wakanawa kwa maji ya chupa, wakala, hawakubakiza hata punje. Nikasimama pale nawaangalia huku nachungulia saa.

Meli ilikuwa imeanza kusogea mama alipopiga simu.

"Wamekula?"

"Wamekula wote, mama. Wamekushukuru sana."

Hapo sikusema uongo. Akacheka, nikamsikia anawatangazia majirani. Nikaanza kupumua. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na wewe ulikula saa ngapi? Mbona sikukuona umekaa?"