Ukuta wa Mawe ya Sala

Jumapili iliyopita, hapa Spånga, jirani yetu alikuwa akichoma matawi ya mreteni, mti wenye moshi wa kunukia, bustanini kwake. Moshi ulipotufikia, binti yangu alinitazama, akaniuliza kwa Kiswidi nalia nini. Sikuwa nalia, rafiki yangu. Nilikuwa nimerudi Nepal.

Ndiyo, sisi watu wa Tanga tuliwahi kuishi chini ya milima ya Himalaya. Baba alisomea udaktari wa mifugo huku Sweden, kisha mradi fulani ukampeleka kule kutibu yaki, wale ng'ombe wenye manyoya kama mazulia. Tulipanga chumba cha juu katika nyumba ya mawe. Chini walilala wanyama, na joto lao lilitupandia kupitia mbao za sakafu, pamoja na harufu yao. Mama mwenye nyumba alichoma mreteni kila asubuhi kuisalimu milima, halafu akatumiminia chai ya chumvi na siagi. Mama yangu aliinywa kwa adabu, amefumba macho.

Mimi nilimfuata mwenye nyumba kila alikokwenda. Alinifundisha lugha yake tukiokota kinyesi cha yaki cha kuwashia moto. Alinionyesha ziwa la kijani ambalo halitupiwi jiwe, kwa kuwa lina mwenyewe, na kilele cheupe ambacho hakuna anayekipanda. Juu ya kijiji kulikuwa na ukuta mrefu wa mawe yaliyochongwa sala. Unauzunguka polepole, na siku zote uwe mkono wako wa kulia. Vibendera vyenye dua vilipepea juu yake, nami niliamini kwamba upepo ndio unaovisoma.

Kisha baba akavuka mlima kwenda kutibu mifugo ya upande wa pili, na theluji ikafunga njia nyuma yake.

Siku zikapita bila habari. Mwenye nyumba akanishika mkono twende ukutani. Mama akasimama mlangoni.

"Mwanangu hazunguki mawe ya watu. Sisi tuna Mungu wetu. Mwambie."

Nikamwambia. Mwenye nyumba hakukasirika. "Mwambie mama yako asali kwa Mungu wake. Mimi nauomba mlima tu, umwachie baba yako."

Mama akarudi ndani. Tulikuwa tumeshaanza kuzunguka nilipomwona anapanda, amevaa koti la baba juu ya khanga, midomo ikicheza: ya Latifu, ya Latifu. Akaungana nasi. Tangu hapo tulikwenda kila siku, sala mbili katika njia moja, mpaka mchana mmoja ukungu ulipofunguka, tukamwona mtu anashuka, ndevu nyeupe kwa barafu. Nikakimbia.

Baba sasa amelala makaburini hapa Stockholm. Mwenye nyumba naye hayupo, watoto wake wametawanyika, na kwenye picha za kule ninazoziona, palipokuwa na barafu pamebaki mwamba mtupu.

Juzi nilikwenda kwa mama, Norsborg. Alikuwa akichambua mchele. Akasema ghafla, "Siku ile ulipomkimbilia baba yako, yule mama alinishika uso, akaniambia maneno. Akawa anayarudia tu. Alisema nini?"

"Sikuyasikia, mama."

"Mimi ninayo."

Akayatamka taratibu, moja moja, kwa lafudhi ya Tanga. Nilitega sikio. Mimi niliyekuwa mkalimani wao sikuelewa hata neno moja.

Nikamwomba ayaseme tena.