Fundi wa Kibwezi na Volti Zilizomkosesha Usingizi

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumapili. Waumini bado hawajaingia katika kanisa moja la mabati huko Matiliku, Kaunti ya Makueni, lakini Wavinya Nzuki ameshauzunguka ukumbi mara nne. Anapiga magoti kando ya jukwaa, anachomeka ncha za mita yake kwenye soketi, anasoma, anasimama, anatoka nje kuvuta pumzi, kisha anarudi kupima tena.

"Mia mbili hamsini na tano," anasema, kana kwamba namba hiyo imemtukana. "Dakika kumi zilizopita ilikuwa mia mbili hamsini na mbili. Stima ya hapa haitulii. Na mimi siwezi kutulia."

Wavinya, mwenye umri wa miaka 39, ni fundi wa amplifaya, mashine za kukuza sauti, kutoka Kibwezi. Kasha la bati lililo juu ya meza ni kazi ya mikono yake, na leo litawashwa mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Ni mara ya kwanza pia kwa kanisa hili kumruhusu aguse waya zake tangu sikukuu ya mavuno ya mwaka jana.

Alisomea umeme katika chuo cha ufundi huko Kitui, wakiwa wasichana wawili tu darasani, halafu akatengeneza redio kwa miaka kumi na moja. Redio moja humpa shilingi mia tatu. Amplifaya ya kanisa huilisha nyumba yake miezi miwili. Ndiyo sababu kanisa la Matiliku lilipomtaka aliundie amplifaya kubwa mwaka jana, hakusita.

Alinunua transfoma ya kushusha stima, iliyoandikwa volti 35 kila upande. Stima ikishanyooshwa na dayodi na kujaa kwenye kapasita, vikopo vya kuhifadhia umeme, hupanda karibu mara moja na nusu, na hesabu yake ilimpa volti 49. Akaweka kapasita zinazostahimili volti 50, si zaidi.

"Nilijiambia volti moja iliyobaki inatosha," anasema huku akiyakwepa macho yetu. "Sikuuliza transfoma yenyewe ilisukwa kwa stima gani."

Waya zake zilisukwa kwa stima ya volti 220. Kanisa liko hatua chache kutoka nguzo yenye transfoma kubwa ya kijiji, na stima pale hupita 250. Ndani ya kasha lile la kwanza, volti zilipanda hadi 57.

Katikati ya maombi ya sikukuu ile ya mavuno, kapasita mbili zilipasuka kwa kishindo. Moshi mweupe ukajaa jukwaani na watu wakakimbilia mlango mmoja. Mbinya Mulwa, mama wa miaka 67, alisukumwa akaanguka kwenye ngazi. Akavunjika mkono wa kulia.

Wavinya alifunga kibanda chake siku iliyofuata. Kwa miezi minne alilima sukuma wiki kwenye shamba la dadake karibu na mto, akisema hatashika tena waya. Lakini kila Alhamisi alipanda gari hadi Matiliku, akamfulia Mbinya nguo na kumtekea maji.

"Alikuwa akifua huku analia," Mbinya anakumbuka. "Siku moja nikachoka. Nikamwambia, mwanangu, mfupa wangu umeshaunga. Wewe utaendelea kuvunjika hadi lini? Nenda ukatengeneze hiyo kitu vizuri, mimi nitaongea na mchungaji."

Na akaongea naye. Mchungaji alikubali, ila vijana wa kwaya walikuwa na lao. Kiongozi wao, Kiilu Musyimi, alitaka mashine kubwa kuliko ile ya kwanza.

"Tulitaka isikike hadi sokoni," Kiilu anasema. "Fundi akakataa kabisa. Nikamwambia tutatafuta mwingine. Akasema, tafuteni, lakini kwanza mje mpime stima pamoja na mimi."

Wakapima pamoja siku tatu, asubuhi na jioni. Kiilu mwenyewe ndiye aliyekuwa akiandika namba. Siku ya tatu, baada ya kuziona zikipita 250 tena na tena, hakutaja tena soko.

Safari hii Wavinya alichagua transfoma ya volti 25 kila upande. Kwa stima ya Matiliku ikiwa juu kabisa, hutoa kama volti 41 ndani. Kapasita ni za volti 63. Spika za kanisa ni za kiasi, na ukumbi si mkubwa.

"Volti nyingi zinanunua kelele," anaeleza. "Watu hapa wanataka kusikia maneno."

Saa nne kasorobo, kwaya inasimama. Wavinya amekaa kwenye ukingo wa benchi la mbele, kiganja kimoja juu ya kasha akihisi joto lake. Haimbi. Wimbo wa kwanza unapita, wa pili unaanza, na ghafla kishindo kinatikisa spika.

Ameshasimama, kidole kwenye swichi ya kasha, kabla mtu hajageuza shingo.

"Keti," Mbinya anamwambia kutoka nyuma yake, na mkono ule uliounga unamvuta gauni. "Ni maikrofoni imeanguka. Keti, mwanangu."

Kwaya haijanyamaza. Wavinya anaitazama mita aliyoiunganisha na kasha: volti 40 na nukta kadhaa. Anakaa, lakini mguu wake unaendelea kudundadunda sakafuni hadi ibada inapokwisha, saa saba.

Nje, watu wanampa mkono. Anashukuru haraka haraka huku akikunja waya zake. Kuna Khamisa, mwalimu wa madrasa huko Mwingi, aliyempigia simu wiki hii akitaka amplifaya ya msikiti. Wavinya hajamtajia bei wala ukubwa. Kesho anakwenda kupima.

Anachokitaka hasa ni mashine ya kusukia transfoma. Ameshapata waya wa shaba, na sasa anatafuta chuma cha ndani kwenye mitambo iliyokufa.

"Nataka nisuke zangu mwenyewe, za stima ya huku kwetu, ya mia mbili hamsini," anasema, tayari ameshaanza kutembea kuelekea stendi. "Na nitaandika kwa rangi juu ya kila moja: pima kwanza."