Mboga Aliyoagizwa Mjomba

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja, miaka ile wakimbizi walipokuwa wakivuka ziwa kuja kwetu, mjomba wangu alipojaribu kuvaa ndala akashindwa. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kimevimba, chekundu, na hata kanga ikikigusa alipiga kelele. Tulikaa Rusimbi, mjini Kigoma. Mjomba alinunua dagaa wabichi mwaloni Bangwe, mitumbwi ya wavuvi inapotua, akawaanika na kuwauza. Kwa kazi hiyo aliilisha nyumba nzima, pamoja na Mama Furaha na wanawe, waliokimbia Burundi na kupewa chumba cha uani. Mjomba asipotembea, hatuli.

Mganga wa zahanati alikuwa amekwisha kumwambia kwamba ana jongo, ugonjwa ambao wengine huuita gauti. Alimpa dawa, akamwagiza aache nyama, ale mboga kwa wingi. Mjomba alitii. Nyama haikuingia tena nyumbani. Lakini maumivu yaliendelea kurudi, kila mara makali zaidi.

Nikampakia kwenye baiskeli, nikamrudisha zahanati.

"Shikamoo mzee. Mguu vipi?"

"Marahaba. Siku hizi mwenye nyumba ni kidole hiki. Kikisema tulale, tunalala."

"Nyama umeacha?"

"Nimeacha kabisa. Mboga tu, mchana na jioni."

"Mboga gani?"

"Dagaa! Kwani Kigoma hii kuna mboga gani nyingine?"

Mimi nilicheka. Mganga hakucheka. Mwanangu, kwetu chochote kinachoteremsha ugali ni mboga, hata kikiwa na macho. Mganga alikuwa amemaanisha majani. Akatueleza taratibu kwamba jongo huletwa na asidi inayozidi katika damu na kujikusanya kwenye viungo, na kwamba dagaa, kama maini na figo, huiongeza.

"Kosa ni langu," akasema. "Ningekuuliza mapema unakula nini."

Nyumbani ndiko kulikuwa kugumu. Mpishi alikuwa Mama Furaha. Kila siku alimjazia mjomba dagaa wa mawese, kisha yeye na wanawe wakala lengalenga, yaani mchicha, au isombe, kisamvu chao, huko uani. Hakuwa na kitu kingine cha kumshukuru mwenyeji wake. Alipoelezwa, akajifunika uso kwa kitenge.

"Kumbe ni mimi ninayekuumiza, baba."

"Wewe umenilisha kwa heshima. Sasa nipakulie mnachokula ninyi."

"Majani haya? Watu watasema nimepewa nyumba, nami nampa mwenyewe majani!"

"Waambie kidole ndicho kilichoagiza."

Jioni hiyo mjomba alijikokota hadi uani, akakaa mkekani pamoja nao, akanawa mikono. Mama Furaha alimpakulia bila kumtazama. Alipoomba aongezewe, ndipo mama yule akacheka.

Mguu haukupona kwa usiku mmoja. Aliendelea na dawa, akanywa maji ya kutosha, na dagaa akawala mara chache na kidogo tu. Polepole akarudi mwaloni kwa miguu yake mwenyewe.

Basi mwanangu, ukiambiwa una jongo, usione haya. Hata maskini hupata. Mweleze mganga chakula chako kwa jina lake, na jinsi kinavyopikwa. Punguza nyama, dagaa na maini, acha pombe na soda, kula majani, matunda na ugali wa kiasi, kunywa maji, dawa usiziache kwa sababu tu maumivu yametulia. Najua kukataa sahani ya mtu anayekupenda ni kazi kubwa kuliko kumeza vidonge. Usiikatae kimyakimya. Mwambie kinachokuuma, umwombe akupikie kingine, nawe ukile mbele yake kwa furaha.

Mungu akupe miguu ya kukufikisha kazini na kukurudisha kwako, na akujalie watu wa kunawa nao mikono kila jioni.