Mtani Aliyeteka Kompyuta ya Mama

Siku ya kuanua matanga ya mama tulikuwepo hawa: mimi niliye kifungua mimba, mdogo wangu anayenifuata, aliyekuwa amefika kidato kilekile nilichoachia mimi, kitinda mimba wetu, aliyekuwa na pengo la meno ya mbele, baba mdogo, aliyetoka Goweko na pikipiki yake, shangazi, aliyetoka Puge kwa basi, na Mgogo, mtani wetu sisi Wanyamwezi, fundi wa printa na fotokopi, ambaye hakualikwa na mtu, kwa sababu mtani haalikwi. Majirani wa Mtendeni, mtaa wetu hapa Tabora, walikuwa wameshakula na kuondoka. Sufuria zilikuwa zimelowekwa uani.

Baba alikuwa amefariki zamani kidogo. Mwaka aliokufa ndio niliacha shule, nikakaa na mama kwenye chumba cha mbele cha nyumba yetu, ambacho alikuwa amekigeuza steshenari. Kulikuwa na kompyuta ya mezani, printa, na benchi la wateja. Mama alichapa, mimi nilipanga karatasi na kufagia. Baadaye nilichapa mimi, yeye akawa anakohoa.

Baba mdogo alianza kuongea akiwa ameinama. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amebeba jeneza kutoka mlangoni hadi makaburini bila kupokewa, na macho yake yalikuwa mekundu bado.

"Watoto hawawezi kulelewa na msichana," alisema. "Huyu mkubwa kati ya hawa wawili atanifuata Goweko, kuna kazi ya tumbaku. Mdogo ataenda na shangazi yake. Kompyuta alinunua kaka yangu, tutaiuza, itasaidia. Chumba tutakipangisha."

"Baba, naomba tubaki pamoja," nilisema. "Nitaendelea na kazi ya mama."

"Kazi gani, mwanangu? Hiyo mashine imekufa kabla ya mama yako."

Alikuwa anasema kweli. Mama akiwa wodini, mteja mmoja alileta flashi yenye virusi. Mafaili yote yakageuka vishale visivyofunguka, na siku chache baadaye kompyuta ikakataa hata kuwaka vizuri. Ilikuwa inaonyesha kioo cha bluu, inajizima, inawaka tena, inajizima.

Mtani alikuwa amekaa kizingitini akila mifupa iliyobaki. Siku zile zote za msiba alikuwa amefanya kazi yake: alivaa kanga ya mama, akakohoa kama yeye, akawadai wanawake hela za karatasi, mpaka wakawa wanacheka na kulia kwa pamoja. Sasa aliinuka, akaifuta mikono kwenye suruali, akaingia chumba cha mbele. Tulimwona anatoka na boksi la kompyuta begani, waya wa umeme ameuzungusha shingoni.

"Wewe, unapeleka wapi hiyo?" baba mdogo aliuliza.

"Hongo ya njia," alisema mtani. "Babu zenu walikatiza Ugogo na meno ya tembo vichwani, wakanywa visima vyetu vyote, wakaondoka bila hata kuaga. Nimechoka kusubiri."

"Bwana, rudisha. Hicho ni kitu cha familia."

"Lia. Mpagazi akilia, mzigo unakuwa mwepesi."

Shangazi alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu ashuke kwenye basi. "Mwache," alimwambia kaka yake. "Ukigombana na mtani kwenye msiba, watu watatusema mpaka Nzega."

"Haya, tukomboe kwa kitu gani?" baba mdogo aliuliza.

"Hamna cha kunipa, nyie mnanuka dhiki. Nitairudisha arobaini. Mpaka siku hiyo hakuna kuuza wala kugawa kitu cha nyumba hii." Kisha akawaelekezea kidole wadogo zangu wawili. "Hata hao. Wote nimewakamata."

Kitu kilichokamatwa na mtani msibani hakinyang'anywi, na baba mdogo alikuwa amekulia katika mila hiyo. Mwishowe alinitazama mimi, hakumtazama mtani. "Basi hadi arobaini. Nikija nikakuta chumba hiki kinawalisha, watabaki. Nikikuta vinginevyo, usinililie."

Mtani aliirudisha kompyuta mapema, juu ya keria ya baiskeli yake, amefungia mpira wa tairi. Alisema wizi unamshinda kwa sababu hakuzaliwa Unyamwezi. Kisha akaacha utani akanieleza. Mfumo ule wa zamani, ambao wateja wetu wote wanao, hakuweza kuurudisha. Nakala alizonazo zilikuwa na virusi vyake vyenyewe. Lakini alikuwa na flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa bure, aliyopewa kwenye ofisi moja aliyokwenda kutengeneza fotokopi.

"Siijui vizuri," alisema. "Nakwambia mapema. Nimeiweka, imekubali. Mengine utahangaika nayo."

Kabla hajafuta diski, alikuwa ameiwasha kompyuta kutoka kwenye ile flashi, na mafaili ya mama yakaonekana. Hayakuwa yamekufa. Virusi vilikuwa vimeyaficha tu, na Linux haikujali vimeficha nini. Akayanakili yote. Nilifungua moja. Ilikuwa barua ya mteja ya kuomba likizo, na iliishia katikati ya sentensi, pale mama alipoinuka. Niliifunga.

Mahangaiko yalianza siku hiyohiyo. Kidude cha waifai alichokuwa akitumia mama hakikutambulika. Niliandika swali kwenye simu, nikasoma kwamba kinahitaji programu yake, na programu inapatikana kwenye intaneti, na intaneti ndiyo hiyo niliyokuwa sina. Nilizunguka hapo kutwa nzima. Kumbe jibu lilikuwa mkononi: ukichomeka simu kwa waya wa kuchajia na kuiruhusu igawe bando, kompyuta inapata mtandao, nayo ikishapata inajipakulia yenyewe kinachokosekana.

Printa ilitambulika lakini ilitoa karatasi nyeupe, au mistari ya alama kama nyayo za kuku. Jina la printa yetu halikuwemo kati ya majina yaliyoletwa. Nilichagua la jirani yake, nikajaribu, nikachagua jingine. Karatasi nilizoharibu nilizikata, kitinda mimba akafanyia hesabu upande wa nyuma. Ilipokubali hatimaye, ilichapa taratibu, ikikwaruza. Hivyo ndivyo inavyochapa hadi leo.

Mteja wa kwanza baada ya msiba alikuwa mzee wa jirani mwenye flashi yenye kadi za mwaliko alizochapiwa kwingine. Nilipozifungua, herufi zilikuwa zimebadilika sura, na jina la bwana harusi limeangukia ukurasa wa pili peke yake.

"Shikamoo babu. Naomba unisubiri kidogo, maandishi yamesogea."

"Marahaba. Yamesogea yanaenda wapi? Ya mama yako hayakuwa yanasogea."

"Aina ya herufi aliyotumia aliyezichapa haimo humu."

"Basi mrudishe bwana harusi wangu nyumbani. Huko aliko hana hata mke."

Nilimrudisha kwa mkono, mstari kwa mstari. Jioni nilipakua herufi zinazofanana na zile. Watu walianza kuja tena, wachache wachache. Wengine walikuja na flashi zilizoliwa na virusi, mafaili yamekuwa vishale. Nilizichomeka, yaliyofichwa yakaonekana, nikawahifadhia upya. Wakaambiana kwamba kwa yule yatima wa Mtendeni kazi iliyopotea inapatikana. Tukala kwa hiyo. Siku nyingine ugali mtupu, lakini tukala.

Lililonimaliza nguvu ni saa. Kila umeme ulipokatika na kurudi, tovuti zote zilikataa kufunguka. Kioo kiliandika kwamba mawasiliano si salama. Nilidhani bando limeisha, kisha nikadhani nimeharibu Linux yenyewe, nikawa nimeshashika flashi ya mtani niweke mfumo upya. Nikampigia kwanza.

"Umeangalia tarehe, mpagazi?"

Sikuwa nimeiangalia. Ilikuwa kwenye kona ya kioo, ndogo, na mwaka wake ulikuwa mwaka niliokuwa darasa la tatu. Baba alikuwa hai. Mama alikuwa hajaanza kukohoa. Ndani ya kompyuta kuna betri ya duara kama kifungo cha koti, mtani alisema. Hiyo ndiyo inayokumbuka siku umeme ukikatika, na yetu imekufa. Mashine ikiamka inadhani ni zamani, na tovuti za leo haziiamini. Nilizunguka maduka ya mjini na sikupata betri ya saizi ile. Basi kila umeme uliporudi niliandika tarehe ya leo mwenyewe. Kila mara kabla ya kuandika nilikuwa naitazama kidogo ile nyingine.

Arobaini ikafika. Baada ya khitma baba mdogo alikuja chumba cha mbele, akakaa kwenye benchi la wateja. Mtani naye alikuwepo, mlangoni, na sahani yake ya pilau. Nilikuwa na mwalimu mmoja wa kike aliyetaka fomu kutoka kwenye tovuti. Ilikuwa imeshafunguka. Umeme ukakatika. Uliporudi, ukurasa ukagoma.

"Imekufa tena," alisema baba mdogo.

"Haijafa, baba. Imerudi nyuma."

"Nyuma wapi?"

"Mwaka ambao baba alikuwepo."

Aliinuka akaja kuinama karibu na kioo. Nilimwonyesha kwa kidole. Aliusoma mwaka ule akisogeza midomo. "Mwaka huu ndio alikuja kunijengea bani la kukaushia tumbaku," alisema. "Lile linalovuja sasa." Niliandika tarehe ya siku ile, ukurasa ukafunguka, printa ikakwaruza, mwalimu akachukua fomu yake akaenda.

Baba mdogo alirudi kwenye benchi. "Nimeona," alisema. "Umejitahidi. Lakini chumba hiki kinalisha watu wawili, mwanangu. Hakilishi watatu. Nimetazama jikoni kwenu. Mdogo abaki na wewe. Huyu mwingine nitakwenda naye, msimu huu tu."

"Nimewakamata wote wawili," mtani alisema kutoka mlangoni.

"Ulisema hadi arobaini."

Neno la arobaini lilikuwa la mtani, alilitamka mwenyewe, mbele yetu sote. Aliweka sahani chini. Mdogo wangu akaenda kufunga nguo zake kwenye kanga, na nikamsikia akimwambia kitinda mimba asiguse daftari zake.

Alirudi msimu ulipokwisha, vidole vimeganda weusi wa majani ya tumbaku usiotoka kwa sabuni. Shule alikataa kurudi. Alisema wenzake wameshapita, hawezi kukaa na watoto. Sasa anakaa kwenye printa, mimi kwenye kibodi. Kitinda mimba ndiye anayesoma. Yule anayenifuata bado anazo daftari zile, hazijaguswa.

Siku ile mdogo wangu alipoondoka, nilimfuata mtani nje nikamuuliza nimlipe nini.

"Hela zako kalale nazo," alisema bila kucheka. "Siku yangu ikifika utakuja Ugogo. Utanitukana mbele ya wanangu, na utakamata kitu. Mtu asipotukanwa kaburini kwake ni kama hakuwa na watu."

Mwaka jana alipooza upande mmoja, watoto wake wakampeleka nyumbani kwa treni. Sauti yake imebaki nusu. Ananipigia mara mojamoja.

"Mpagazi. Bado sijafa."

"Unachelewesha watu, mtani. Nimeshachagua ng'ombe wa kukamata."

"Ng'ombe wamekufa na ukame. Kamata mke wangu, anasumbua."

Anacheka, kicheko kinageuka kikohozi, halafu binti yake anaichukua simu na kusema baba amechoka. Binti huyo nimemwambia kwamba siku hiyo anipigie mimi kabla ya wengine wote, kwa sababu treni kutoka Tabora haiendi haraka, na sitaki kufika wameshafukia. Amekubali. Nauli naiweka kando, naitumia kwa karatasi, naiweka tena.

Siiombi siku hiyo ije. Na kabla haijaja, sina namna ya kumlipa.