Sauti ya Dalali

Wodi ya wazee ilikuwa na madaktari wanne, lakini mgonjwa akishindwa kuamua akatwe au apewe dawa tu, aliyeitwa ni muuguzi mmoja. Wenzake walimpachika jina Polepole. Aliingia na kigoda chake, akawaomba watoto wa mgonjwa watoke nje, watake wasitake, kisha akakaa goti kwa goti na mzee. Alieleza kila njia, nafuu yake na machungu yake, halafu akasema, "Haya, sasa nieleze wewe, nione kama nimesema kitu kinachoeleweka." Mtoto wa mtu akinung'unika kwamba mzee hajui linalomfaa, alimjibu kwa upole kuwa mwili si wake. Kwa miaka kumi na minane hakuna aliyemshika kwa kosa.

Kisha akaugua baba yake.

Baba alikuwa dalali wa mnada. Miaka sabini na mitatu, na bado alipanda juu ya meza kunadi makabati na vyerehani vikuukuu. Kwa sauti ile alisomesha watoto wawili. Kwa sauti ile alimpata hata marehemu mkewe, aliyependa kusema kwamba alikwenda mnadani kununua sufuria akarudi na mume. Sauti hiyo ilipoanza kukwaruza, wote walidhani ni mafua. Ikawa saratani ya koo.

Daktari alieleza haraka haraka, mzee akashika nusu. Njia zilikuwa mbili. Wangeweza kumkata na kuondoa kisanduku cha sauti. Angepumulia tundu la shingoni na asiipate tena sauti yake maishani. Au wangempiga mionzi kwa wiki saba; sauti ingebaki, japo imechakaa, na wagonjwa wengi wa hatua ile walipona, ingawa si wengi kama waliokatwa.

Mzee hakuhitaji kigoda cha mtu. Walipofika nyumbani alimwambia bintiye, "Mwanangu, mimi ni mionzi. Wanitoe sauti halafu nibaki nafanya nini, natazama ukuta?"

Kaka yake Polepole hakutaka kusikia hayo. Alipiga simu asubuhi na jioni: baba akifa kwa ukaidi, atalaumiwa nani kama si wewe unayejua? Na Polepole mwenyewe hofu ilikuwa imemwingia mpaka kwenye mifupa. Alikuwa amewauguza wale ambao mionzi haikuwafaa kitu. Waliopona hakuwakumbuka, maana aliyepona harudi wodini.

Jumapili akaja na kigoda, akakaa goti kwa goti na baba yake. Ya operesheni aliyasema yote bila kupunguza. Alipofika kwenye mionzi akateremsha sauti, kama alivyozoea kuiteremsha.

"Baba, mionzi ni ya kuwaliwaza watu tu. Haiponyi."

"Wewe huwezi kunidanganya," mzee akasema. "Lete hiyo karatasi ya operesheni nitie sahihi."

Kupona, alipona. Kaka alimkumbatia dada yake, akamwita shujaa. Baba akawa mtu wa daftari na kalamu. Watu wa mnadani walikuja wiki za mwanzo, wakaishiwa la kumwambia mtu asiyejibu, wakakoma.

Mwaka wa pili, siku ya kliniki, alikaa benchi moja na mwalimu mstaafu aliyeongea bila kupumzika, sauti kavu kama msasa. Ugonjwa uleule, hatua ileile, daktari yuleyule. Ila yeye alipigwa mionzi. Polepole alikuwa dirishani anachukua dawa. Aliporudi, daftari lilikuwa wazi mapajani mwa baba, na neno moja: "Ulijua?"

Uongo wa pili ungekuwa rahisi. Alikaa chini. "Nilijua, baba. Niliogopa."

Mzee akaandika taratibu: "Na mimi niliogopa. Ndiyo maana nilikusikiliza wewe." Akafunga daftari.

Hakumfukuza. Chakula chake alikipokea, akaandika ahsante. Ila kliniki iliyofuata alikwenda na mchukuzi wake wa zamani wa mnadani, mtu wa miraba minne waliyemwita Kifua, na kwenye fomu ya mtu wa kumsemea akizidiwa alimwandika yeye. Mwaka wa nne saratani iliporudi, daktari kijana alimzuia Polepole mlangoni. Alimwambia kwa adabu kwamba mgonjwa ameagiza binti yake asielezwe chochote. Ilikuwa haki ya mgonjwa, na kijana yule alifundishwa na Polepole mwenyewe namna ya kuilinda.

Baada ya mazishi Kifua alimsimulia kwamba madaktari walitaka kumkata tena. Walimuuliza mara tatu, na mara zote tatu aliandika hapana, hati imenyooka.

Polepole akauliza kama kulikuwa na neno lolote kwa ajili yake.

Kifua alifikiri, maana hakuwa mtu wa kubuni. "Hapana, dada," akasema. "Lako hakuandika."